Vijana, mfundisheni mhusika wa gemu yenu kutembea kwa kanzu

Kijana akianza kutengeneza gemu yake ya kwanza, hamu yote huipeleka kwenye mapanga, magari na milipuko. Kutembea hukuacha mwisho, kwa kuwa kutembea ni jambo la kila siku. Lakini hebu apige hesabu: mchezaji atarusha panga mara ngapi, na atatembea mara ngapi? Tangu gemu inapoanza hadi inapokwisha, mhusika yuko miguuni mwake. Mwendo ukiwa mbovu, hakuna mlipuko utakaouficha.

Naandika haya kwa ajili ya kijana wa hapa Pwani mwenye simu au kompyuta kuukuu, anayetamani kutengeneza gemu ya vichochoro vya Mji wa Kale, ya gati la Lamu au ya soko la Kongowea. Mafunzo mengi anayoyapata mtandaoni yanamfundisha kuchora mtu wa suruali na buti. Huyo si babu yake. Na katika gemu kubwa kubwa zinazouzwa duniani, mtu wa kilemba na kanzu akitokea, mara nyingi ametokea ili apigwe risasi. Hatembei kwenda sokoni, hatembei kwenda kumjulia hali mgonjwa. Anakimbia, anaanguka, basi. Ikiwa tunataka watu wetu waonekane wakitembea kama watu, kuna kazi ya mikono ya kufanywa, na kazi hiyo inaeleweka.

Picha ya pikseli si kitu kigeni kwetu. Mama anayesuka mkeka hana kalamu ya kuchora duara. Ana miyaa tu, wa rangi na usio na rangi, na kila mwaa unapita juu au chini ya mwenziwe. Ua analotaka litokee lazima alihesabu. Pikseli nazo ni miraba midogo iliyopangwa safu kwa safu, na kila mraba una rangi moja. Huwezi kuchora nusu ya mraba. Kwa hivyo mchoraji wa pikseli huhesabu kwanza, kisha huchora.

Ufinyu huu huzaa mambo. Mwaka 1981, Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo alipomchora mhusika wa gemu ya Donkey Kong ambaye baadaye alikuja kujulikana duniani kwa jina la Mario, hakuwa na nafasi ya mdomo wala nywele. Akamtia masharubu, akamvisha kofia. Ovaroli nayo alimpa ili mikono ionekane ikienda mbele na nyuma ya kiwiliwili. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, Mario mdogo ni pikseli 16 kwa 16, na mwendo wake wote ni picha 3 zinazorudiwarudiwa. Lililo muhimu kwetu hapo ni kwamba mavazi yalichaguliwa ili mwendo uonekane. Nasi mavazi tunayo tayari, ila yanataka hesabu nyingine.

Tuanze na kipimo. Mchukue mtu wa sentimita 160 umchore kwa urefu wa pikseli 32. Kila pikseli moja ni sentimita 5. Mtu wa kweli anapotembea, kichwa chake hupanda na kushuka kiasi cha sentimita 4 au 5 hivi. Yaani pikseli moja. Ukimchora mtu huyo huyo kwa pikseli 16, pikseli moja imekuwa sentimita 10, na hapo hata ukikisogeza kichwa kwa pikseli moja tu umeshatia chumvi. Ndiyo maana wahusika wadogo wa gemu huonekana wanarukaruka. Kwa anayejifunza, napendekeza 32. Kwa 16 utapigana na kila mraba, na kwa 64 utachoka kabla ya kumaliza mguu wa pili.

Sasa mwendo wenyewe. Kutembea ni kuanguka mbele na kujizuia, kisha kuanguka tena. Hatua moja ina vituo vinne, na Richard Williams, aliyeongoza uhuishaji wa filamu ya Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, amevieleza vizuri katika kitabu chake The Animator's Survival Kit cha mwaka 2001. Mimi nitavipa majina ya kwetu.

Cha kwanza ni kukanyaga: kisigino cha mbele kimegusa chini, kidole cha mguu wa nyuma hakijaondoka, na miguu imeachana kabisa. Cha pili ni kushuka: uzito umeangukia mguu wa mbele, goti limekunjika kidogo, wayo wote umelala chini. Cha tatu ni kupishana: mguu uliokanyaga umenyooka chini ya mwili kama nguzo, na ule mwingine unapita kando yake ukiwa umekunjwa goti. Cha nne ni kusukuma: kisigino cha mguu uliokanyaga kinainuka, mwili unasukumwa mbele, na mguu ulio hewani unanyooka kutafuta mahali pa kutua. Hapo umemaliza hatua moja kwa fremu nne. Fremu ya 5 hadi ya 8 ni vituo hivyo hivyo, ila miguu imebadilishana kazi. Ukifika ya 8 unarudi ya 1, na mtu anatembea hadi betri iishe.

Usichore kwa kufuata nambari. Chora ya 1 na ya 5 kwanza, kwa kuwa hizo ndizo zinazoamua upana wa hatua. Kisha ya 3 na ya 7. Zilizobaki zitajipa zenyewe katikati. Anayeanza na ya 1, akaenda ya 2, akaenda ya 3, hufika ya 8 akakuta mguu umerefuka pikseli mbili na hajui ulirefukia wapi. Programu za kuchora zina msaada unaoitwa ngozi ya kitunguu, ambao hukuonyesha fremu iliyotangulia kwa kivuli hafifu chini ya hii unayoichora. Uwashe tangu mwanzo.

Kichwa na mabega viwe chini kwa pikseli moja katika fremu ya 1 na ya 2, na juu katika ya 3 na ya 4, kisha vivyo hivyo upande wa pili. Wachoraji wa katuni hushusha zaidi fremu ya 2 na kupandisha zaidi ya 4, na mtu huonekana mchangamfu, kama aliyelipwa mshahara. Kwa mtoto anayetoka chuoni inafaa. Kwa mzee inakuwa dhihaka.

Mikono huenda kinyume na miguu: mguu wa kulia mbele, mkono wa kushoto mbele. Na mguu wa upande wa mbali, ule usiokabiliana nawe, upake rangi ya kiza kidogo kuliko wa karibu. Bila hivyo jicho halijui ni mguu upi umepita, na mtu anaonekana anatikisa mguu mmoja tu. Faida nyingine ni kwamba ukishamaliza fremu nne za kwanza, unaweza kuzinakili na kubadilishana rangi za miguu, ukapata fremu nne za mwisho kwa nusu ya kazi. Mikono ndiyo utakayoirekebisha.

Jambo linaloharibu gemu nyingi za wanaoanza si mchoro bali ni hesabu ya mwendo na ardhi. Mguu uliokanyaga haupaswi kuteleza. Tuseme hatua moja ya mhusika wako ina upana wa pikseli 12, na hatua ina fremu nne. Basi katika kila fremu mguu uliokanyaga lazima urudi nyuma pikseli 3 ukilinganisha na mwili, si 2 hapa na 5 pale. Mzunguko mzima wa fremu 8 unampeleka pikseli 24. Ukizionyesha fremu kwa milisekunde 100 kila moja, mzunguko unachukua sekunde 0.8, kwa hivyo mwendo wake ni pikseli 30 kwa sekunde. Hiyo ndiyo nambari ya kumpa mwenzako anayeandika programu. Akiweka 60 kwa sababu anaona gemu inakwenda polepole, mhusika atateleza kama mtu kwenye sakafu ya sabuni, na lawama itakuja kwako mchoraji. Ikiwa lazima aende upesi zaidi, ama punguza muda wa fremu, ama chora hatua ndefu zaidi. Kaeni mlizungumze mapema.

Hadi hapa mtu wetu amevaa suruali. Tumvishe kanzu.

Kanzu inaficha goti, na goti ndilo lililokuwa likieleza habari yote. Kinachobaki ni ncha za makubadhi, pindo la kanzu na mkunjo mmoja au miwili ya kitambaa. Kwanza fupisha hatua. Kanzu haimruhusu mtu kutanua miguu kama mwanariadha. Nimpe pikseli 8 kwa hatua, yaani sentimita 40, na hapo mguu unarudi pikseli 2 kwa kila fremu, na mwendo wake unakuwa pikseli 20 kwa sekunde. Tayari ameshaanza kuwa na heshima zake.

Kisha pindo. Akisimama, pindo lina upana wa pikseli 10 hivi. Miguu ikiachana katika fremu ya 1, kitambaa kinaanza kuvutwa, lakini kitambaa siku zote huchelewa nyuma ya mwili. Kwa hivyo upana mkubwa kabisa, pikseli 13 au 14, uweke katika fremu ya 2 badala ya ya 1. Katika fremu ya 3 kitambaa kinakusanyika, pikseli 9. Fremu ya 4 mguu wa mbele unakisukuma kwa ndani: chora mstari ulionyooka kutoka goti lilipo hadi pindoni, na upande wa nyuma uache mviringo kidogo. Mstari huo mmoja wa kivuli, unaohama kutoka katikati kwenda mbele, ndio unaomwambia mtazamaji kuwa ndani ya kanzu mna miguu. Ukiusahau utapata kengele inayoyumba.

Kanzu nyeupe ina mtihani wake. Ukipaka nyeupe tupu na nyuma yake kuna ukuta uliopakwa chokaa, mzee atapotea, kitabaki kichwa na makubadhi. Nyeupe kabisa ihifadhi kwa bega na kifua panapopigwa na jua. Mwili uliobaki uwe wa rangi ya krimu, na kivuli kiwe cha samawati hafifu. Na akitaka kukimbia? Mtu wa kanzu hakimbii mikono miwili ikipepea. Mkono mmoja hushika kanzu ukaiinua, na miguu ikaonekana hadi kwenye muundi. Hili hutalipata katika mafunzo ya watu wa suruali, na ukilichora kila mtu wa Pwani atalijua na kucheka.

Buibui ni kinyume chake. Miguu haionekani kabisa, na hatari ni mwanamke kuonekana anaelea kama jahazi lililopata upepo mzuri. Fremu nne za hatua nzima mbili zinatosha. Kinachofanya kazi ni pikseli ile moja ya kupanda na kushuka, na wimbi dogo la pindo linaloanza mbele na kuishia nyuma fremu moja baadaye. Nyeusi usiitumie tupu, kwa kuwa mikunjo yote itamezwa. Chukua samawati ya kiza sana, nyingine iliyoiva kidogo kwa mikunjo, na nyingine kwa ukingo unaopata mwanga. Leso nayo ina maua, na maua lazima yashikamane na kitambaa. Ukiyachora upya kwa kukisia katika kila fremu yatametameta kama runinga mbovu. Jina la leso ndilo silo la kulitafutia nafasi, maana katika pikseli 32 hata herufi moja haienei.

Mzigo hubadilisha kila kitu. Hamali mwenye gunia mgongoni anainama kiunoni, hatua inakuwa fupi, na kituo cha kushuka kinachukua muda mrefu zaidi, milisekunde 150 badala ya 100, kwa sababu goti linapokea uzito mara mbili. Mwanamke aliyebeba ndoo kichwani ni habari tofauti kabisa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanasayansi, akiwemo Mkenya Geoffrey Maloiy, waliowapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu, na kugundua kuwa waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mwili uliozoea umejifunza namna yake. Kwa hivyo usimchore akihema na kuyumba. Mgongo unyooke, mkono mmoja ushike ndoo, kichwa na ndoo vipande na kushuka pamoja kama kitu kimoja. Ukitaka kunogesha, maji ndani ya ndoo yainuke upande mmoja fremu moja baada ya hatua.

Haya yote utayaona mwenyewe ukimpiga mtu video kutoka ubavuni. Njia hii ni ya zamani. Eadweard Muybridge mwaka 1878, huko Palo Alto, alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi ili aonyeshe miguu yake inavyokwenda, na kitabu chake cha mwaka 1887, Animal Locomotion, kina kurasa za picha 781 za watu na wanyama. Mzazi atahadhari kabla ya kumfungulia mtoto, kwani wengi wa watu hao hawana nguo. Jordan Mechner naye, kwa gemu ya Prince of Persia iliyotoka mwaka 1989, alimpiga mdogo wake video akikimbia na kuruka, kisha akachora juu ya picha hizo fremu kwa fremu. Hadi leo gemu hiyo inasifiwa kwa mwendo wake. Lakini angalia lililotokea: mwanamfalme wa Uajemi, jina na kasri ni vya Mashariki, lakini mwili unaotembea ndani yake ni wa kijana wa Kimarekani. Simlaumu, alimtumia aliyekuwa naye nyumbani. Nasi tuwatumie wa nyumbani kwetu. Mwombe kaka, ami au babu avae kanzu apite mbele ya simu mara mbili tatu, simu ikiwa imetulia juu ya kiti kwa urefu wa kiuno. Kuwapiga watu picha barabarani bila ruhusa, na hasa wanawake, si adabu, na hakuna gemu inayohalalisha hilo.

Kuna msomaji atakayeuliza: je, hukumu ya kuchora viumbe vyenye roho? Wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani, na kuna wanaotofautisha sanamu lenye kivuli, picha ya mkono na picha ya kamera. Mimi si mufti. Kijana mwenye wasiwasi amwendee sheikh wake amweleze kwa uwazi anachokifanya, na amwonyeshe kazi yenyewe. Sheikh akiiona huwa rahisi kwake kujibu kuliko kusikia neno "gemu" peke yake.

Kwa gemu inayotazamwa kutoka ubavuni, wengi huchora mtu anayeelekea kulia, kisha wakaamuru programu iigeuze picha apate kuelekea kushoto. Ni njia nzuri ya kuokoa muda, ila kuna vitu havigeuki kwa usalama. Mzee aliyeshika bakora mkono wa kulia atajikuta ameishika kwa wa kushoto. Maandishi ya Kiarabu mlangoni au begani yatasomeka kinyumenyume. Na ukichora mtu anayekula halua huku akitembea, ukamgeuza, umemlisha kwa mkono wa kushoto, na mama yako atakuwa wa kwanza kuliona. Kwa wahusika hao chora pande zote mbili.

Punda wa Lamu nimewekewa ombi na mpwa wangu, kwa hivyo niseme kwa ufupi. Akitembea polepole, mguu wa nyuma wa kushoto hutangulia, kisha wa mbele wa kushoto, kisha wa nyuma wa kulia, kisha wa mbele wa kulia. Chora miguu ya nyuma kama mtu mmoja na ya mbele kama mtu mwingine anayemfuata kwa kuchelewa robo ya mzunguko, yaani fremu 2 kati ya 8. Kichwa chake hupanda na kushuka kuliko cha mtu.

Vifaa visiwe kisingizio. Aseprite ni ya kulipia, na wengi katika kazi hii wanaitumia. LibreSprite, iliyotokana nayo, ni ya bure. Piskel pia ni ya bure na hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Kwenye simu ya Android kuna Pixel Studio. Godot, ya kuiunda gemu yenyewe, nayo haitozwi. Hifadhi kazi katika PNG, kamwe usiiweke JPEG, maana JPEG huchafua kingo za miraba na kuzaa rangi usizozipaka. Na ukiikuza picha, ikuze mara 2, 3 au 4 kamili. Ukiikuza mara moja na nusu, miraba mingine itakuwa minene kuliko mingine na makubadhi yatabadilika ukubwa kila hatua.

Ukimaliza, mpe mdogo wako simu atembeze mhusika kichochoroni bila kumwambia lolote, nawe ukae pembeni umwangalie. Akiuliza mbona babu anachechemea, fungua fremu ya 3 na ya 7 uziweke moja juu ya nyingine: kimo cha kichwa hakilingani. Akisema babu anatembea lakini haendi, rudi kwenye ile hesabu ya pikseli kwa sekunde.